Sahani Moja Iko kwa Skola

Asubuhi niliyoondoka Tandika sikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa na ndoo yenye mfuniko, ndani yake nguo, sufuria na mwiko, na juu ya nguo, imefungwa kwenye khanga, sahani moja ya udongo yenye maua ya buluu ukingoni, ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa siku ya pili ya Idi. Watoto wa mtaa walikuwa bado wamevaa nguo zao mpya, zimeanza kuchafuka, na harufu ya biriani ya jana ilikuwa haijatoka kwenye korido. Bi Mwanaidi, mama mwenye nyumba, alikuwa amekaa mkekani hapo koridoni, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya mto, kidonda kimefungwa bendeji. Nikamwambia naondoka. Hakuniuliza naenda wapi. Alisema, "Haya mwanangu, Mungu akutangulie," kama mtu anavyomuaga mpangaji yeyote, nami nikatoka mlango wa mbele, nikapita kwenye baraza ambapo bintiye Zuhura alikuwa akikaanga chipsi kila jioni, nikashika njia ya kituoni. Gari la kwanza lililosimama ndilo nililopanda.

Mwaka huu, miaka mingi baada ya asubuhi ile, nilikuwa sokoni Buguruni nachagua nyanya, mtu akanigusa bega. Mwanamke wa makamo, mnene, amejitanda ushungi wa kijani, mkononi ana kikapu. "Shikamoo, dada Skola," akasema, nami nikaitikia marahaba huku nikimtafuta usoni nisimpate, mpaka alipocheka. Sijaona mtu mwingine anayecheka kwa kujifunika pua. Alikuwa Zuhura. Tukasogea pembeni penye matenga matupu, tukaulizana habari za watu, naye akaniambia kwamba mama yake alishafariki zamani, kwamba mguu ulikatwa kwanza kwenye kifundo, baadaye kwenye goti, na kwamba nyumba ya Tandika iliuzwa na ndugu wa baba yake, na pale sasa pana ghorofa. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mambo aliyokwisha kuyasema mara nyingi. Halafu akaniuliza, "Sahani ya mama unayo?"

Nikamwambia ninayo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitoa kabatini na kuirudisha, nikaona bora niueleze ule mwaka, tangu sahani ile ilipoanza kuja mlangoni kwangu mpaka nilipoondoka nayo.

Habari za nilikozaliwa nitaziacha. Inatosha kusema nilitoka kusini, niliacha shule darasa la sita kwa hiari yangu, na tangu hapo sikuwahi kukaa mahali nikafikia hatua ya kuzoea mlio wa mlango. Sikuwa nakimbia kitu. Nilikuwa nataka kujua watu wanaishije, wanapika nini, wanasema nini wakidhani hawasikiwi. Mtu mwenye tabia hiyo anajua mengi ya watu, na watu hawajui lake hata moja. Nilipofika Tandika nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na hakuna mtu katika mji mzima wa Dar es Salaam ambaye angeshtuka kama nisingerudi nyumbani jioni.

Nyumba ya Bi Mwanaidi ilikuwa ya Kiswahili, korido katikati na vyumba huku na huku, mwisho wake ua wenye bomba, choo na ukuta uliopasuka lipu. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, karibu na uani, na kwa muda mrefu jina langu lilikuwa hilo tu, yule dada wa chumba cha mwisho. Kila mpangaji alikuwa na jiko lake la mkaa, na majiko yote yalipangwa uani kwa sababu vyumbani hapakuwa na pa kupikia. Kwa hiyo hakuna aliyepika kwa siri. Nyama ikinunuliwa ilijulikana, na ukilala na chai ya rangi ilijulikana vilevile, ingawa hakuna aliyesema. Nilijifunza mapema kwamba watu wa pale waliutazama unga kabla ya kuitazama mboga. Sembe, unga mweupe uliokobolewa, ndio uliokuwa unga wa watu. Dona, unaosagwa pamoja na pumba zake, ulikuwa chakula cha bwenini na gerezani, cha mtu aliyekwama. Wiki ya kwanza nilisonga dona, maana ndio niliouzoea. Baba Rehema, fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, mtu wa Lindi, akaja akasimama juu ya sufuria yangu mikono kiunoni. "Sista," akasema, "ukiendelea kusonga hii kitu hapa uani, watu wa msikitini watatuchangia nyumba nzima." Uani wote wakacheka, nami nikacheka nao, na siku iliyofuata nikanunua sembe.

Ramadhani ilinikuta hata mwezi sijamaliza. Mie ni Mkristo, sikufunga, na jioni za kwanza nilijifungia chumbani ili nisionekane namezea mate futari za watu. Kupitia mlangoni nilisikia ndala zikipita koridoni, mlango ukigongwa, "Pokeeni hiki kidogo," mlango mwingine, "Jamani, ahsanteni," na sahani zikigongana. Sikujua zinakwenda wapi na kurudi wapi. Jioni moja ndala zikaja mpaka mwisho wa korido. Alikuwa Bi Mwanaidi mwenyewe, anachechemea, mkononi sahani yenye maua ya buluu imefunikwa kawa. Mihogo ya nazi, kipande cha samaki, kaimati pembeni zikitiririka shira. Alinipa, akageuka, akaondoka, nami nilikula nimekaa kitandani, machozi yananitoka kwa sababu ambazo sikuzijua, na kidogo kwa sababu ya pilipili.

Kesho yake niliiosha sahani ile kama nilivyofundishwa kwetu kuosha chombo cha watu, kwa sabuni, kwa majivu, nikaisuuza, nikaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Nikaipeleka kwa mikono miwili. Bi Mwanaidi akaipokea, akatazama ndani, akatazama chini yake, akanitazama mimi. Kisha akapaza sauti, "Zuhura! Njoo umwone Skola, kanirudishia upepo." Zuhura akaja mbio, akaangalia ndani ya sahani, akajifunika pua akacheka, na mama yake akacheka mpaka akashika mlango. Sikuelewa. Nilidhani nimeacha taka. Alipotulia ndipo akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba hapa kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. "Hata kipande cha ndimu, mwanangu. Hata chumvi. Mie sikukupa chakula kwa kuwa huna, nimekupa kwa kuwa upo." Nikarudi chumbani na ile sahani, nikatafuta cha kuweka, nikakuta karoti.

Karoti zile zilitoka Msasani. Nilikuwa nimekwenda huko siku moja kutembea tu, kuona watu wenye pesa wanakula nini, nikapita nyuma ya mgahawa mmoja, nikamkuta mpishi analalamika hana mtu wa kuosha mboga. Nikaosha, na kesho yake nikarudi. Mwenye mgahawa alikuwa mama wa Kitanzania aliyekaa Ulaya miaka mingi, mpole, anamwita kila mtu mpenzi. Sisi wafanyakazi tulimwita Madam. Alikuwa akiuza vyakula vya afya, na nilipoingia jikoni mara ya kwanza nilidhani nataniwa, maana walipika uji wa ulezi, boga la kuchemsha, mlenda, dagaa, na ugali wa dona. Dona lilipakuliwa tonge moja, dogo, limewekwa katikati ya sahani nyeupe pana, mlenda umezungushwa pembeni kama rangi. Wateja walilipiga picha kabla ya kuligusa. Nilipokuwa nikikusanya vyombo nilisikia mazungumzo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja kila wiki na wageni tofauti, na kila mara alifika kwenye maneno yaleyale, kwamba shida ya watu wetu hawajui kula, mtu anajaza tumbo wanga, chipsi, soda, akiugua analia umaskini. Wenzake walitikisa vichwa kwa huruma. Huruma ilikuwa ya kweli, nilikuwa nikiwaona nyuso zao. Nilichoshangaa ni kwamba walizungumza mbele yangu kama vile watu hao wako nchi nyingine.

Bi Mwanaidi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja Zuhura alikuwa na viazi vya kumenya, mimi sikuwa na kazi, nikamsindikiza mama kliniki. Tulikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya sahani, nusu yake mboga za majani, robo samaki, robo ugali wa rangi ya udongo, pembeni chungwa na glasi ya maji. Nesi, binti mdogo aliyechoka, alituelekeza kwa fimbo, hiki mle, hiki msile, sembe acheni, sukari acheni, halafu akasema, "Lakini nawajua, mkitoka hapa moja kwa moja kwenye chipsi." Mama mmoja nyuma yetu akanong'ona, "Hiyo sahani ya ukutani, mwenzangu, inauzwa duka gani?" Benchi zima likatikisika kwa kicheko cha chini chini. Bi Mwanaidi hakucheka. Njiani kurudi aliniambia kwamba samaki na mboga sawa, Mungu akijalia, ila dona hapana. Alilila mwaka wa njaa, akiwa mke mpya, walipokuwa wanapanga foleni kupokea unga wa msaada, na aliapa siku ile kwamba akija kuwa na nyumba yake halitapikwa humo. "Mie mwenye nyumba, Skola. Wapangaji wangu wakiniona nasonga dona, wataniheshimu?"

Kidonda mguuni kilikuwa kidogo tu wakati huo, kama shilingi, chini ya dole gumba. Lakini kilikuwa hakikauki.

Ndipo sahani ikapata kazi. Mgahawani tulikuwa tukikata na kutupa nusu ya mboga kabla hazijafika jikoni, majani ya nje, mashina, ncha za karoti, boga lenye doa. Hayakuwa makombo, hakuna aliyeyatia mdomoni. Nilimwomba mpishi ruhusa, nikawa narudi nayo nyumbani. Bi Mwanaidi akileta sahani, ya mkate wa kumimina, ya tambi, baada ya Ramadhani ya chapati au samaki wa kukaanga, mimi nilirudisha matembele yaliyopikwa kwa karanga, boga, mchicha na nyanya chungu. Alikula kwa sababu ni sahani ya jirani, na sahani ya jirani hairudishwi. Siku moja, namenya karoti uani, nikamsimulia lile tonge la Msasani. Akaacha kupepeta mchele.

"Dona? Wanakula dona?"

"Wanakula, mama."

"Wanapewa?"

"Wananunua. Tena kwanza wanalipiga picha."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Akataka nieleze tena, sahani ya namna gani, tonge la namna gani, wamevaaje. Alipotulia akasema, "Hebu nisongee kidogo nione hao matajiri wanachokiona." Mara ya kwanza alilila ndani, pazia limeshushwa. Mara ya pili mlango ulikuwa wazi. Ijumaa moja akatandika mkeka uani, akalila mbele ya watu, na Baba Rehema alipojikohoza ili aanze maneno yake, hakuinua hata macho. "Chakula cha Msasani hiki, wewe fundi, hukijui." Baba Rehema akaniangalia, akasema, "Skola, umemharibu mama. Mwezi ujao atalia mee." Tangu hapo, wanawake wawili watatu wa nyumba ile wakaanza kununua dona, wakilisonga kwa maringo kidogo.

Kidonda kilianza kukauka. Bi Mwanaidi aliweza kutembea mpaka kwenye maulidi ya mtaa wa pili na kurudi. Kliniki, yule nesi mchovu akamuuliza anafanya nini siku hizi, naye akajibu, mimi nikiwa hapo pembeni, "Nina jirani yangu ananiletea sahani." Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyepewa nguo mpya. Nimekaa katika nyumba nyingi kabla na baada ya ile, na nimeitwa mpangaji, dada, sista, yule, mgeni. Jirani niliitwa pale.

Mwaka ukazunguka, Shaabani ikaingia. Madam alikuwa ameniona nikifunga majani yangu kwenye mfuko, akaniuliza ni ya nani. Nikamweleza habari zote, kidonda, kliniki, dona, maana hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kuhusu nyumbani kwangu na maneno yalikuwa yamejaa. Aliguswa sana, akanishika mkono. Akasema angependa aje na marafiki zake kumsalimu huyo mama kabla ya mwezi mtukufu. Nilipofikisha salamu, Bi Mwanaidi akasema bosi wangu haiwezekani aje siku ya kawaida, aje siku ya vunja jungu. Hizo ni siku za mwisho za Shaabani ambapo watu wa pwani wanapika na kula kwa furaha kabla ya mfungo. Nikamwambia Madam kwamba mama amewakaribisha chakula. Akasema, "Jamani, mpenzi, mama wa watu," na macho yake yalilowana.

Siku hiyo Bi Mwanaidi aliamka mapema. Alipika pilau ya nyama, kachumbari, ndizi za nazi, juisi ya ukwaju. Busati aliazima kwa shoga yake, chupa za chai kwa Mama Rehema, na sahani za maua ya buluu, za harusi yake, alizitoa zote. Alifukiza udi korido nzima. Alivaa dera ambalo sikuwahi kuliona, akakaa mlangoni kama mama wa bi harusi. Mimi sijui nilikuwa na furaha gani. Nilizunguka uani nikipanga hiki na kile, najiona mtu mwenye kwao anayeleta wageni.

Walikuja Madam, marafiki zake wawili na kijana wa kamera, wamebeba mifuko na maboksi. Walimwamkia Bi Mwanaidi shikamoo kwa kupiga magoti, na hilo lilimpendeza kila mtu. Bi Mwanaidi akawakaribisha busatini. Rafiki mmoja wa Madam, mama mwenye sauti laini, akatazama zile sahani na sinia la pilau lililofunikwa, akamwinamia na kusema, "Mama, usijisumbue kabisa. Hatukuja kukumalizia chakula chako." Alisema kwa wema. Bi Mwanaidi akatabasamu, akasubiri, akidhani ni adabu ya kukataa mara ya kwanza. Akakaribisha tena. Wakasema wameshiba, wana sehemu nyingine za kupita. Kijana wa kamera alikuwa ameshapata mahali anapopenda, kule uani, kwenye ukuta uliopasuka. Akamwomba mama asogee pale. Kisha akaniambia mimi, kwa haraka ya kazi, "Sista, hilo sinia liweke ndani kidogo, lisionekane."

Nikalibeba sinia. Nilipotoka, Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mbele ya ufa, amekabidhiwa mfuko, na juu ya mfuko pameandikwa kwa herufi kubwa: unga wa dona. Wapangaji walikuwa wamesimama milangoni. Madam, akimshika bega, akamuuliza kwa ajili ya kamera huwa anakula nini kwa siku. Bi Mwanaidi alinitazama, si kwa hasira, kama mtu anayemtazama mwenzake amsaidie kukumbuka jina. Akajibu, "Tunakula, alhamdulilahi." Yule mama mwenye sauti laini alimuuliza Baba Rehema pembeni kama bibi huyu amepangiwa hapa na nani. "Nyumba yake hii," Baba Rehema akasema. "Sie ndio wapangaji wake." Mama yule akasema "Aa," akatazama bati. Walipoondoka Baba Rehema hakutania. Nilimsubiri atanie.

Pilau ililiwa na wapangaji. Jioni sahani yangu ilikuja kama kawaida, imejaa, nyama juu, na aliyeileta alikuwa Zuhura. Kesho yake niliweka matembele, nikaenda kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa amekaa kitandani, ametia sukari kwenye chai, anakoroga. Hakunyoosha mkono.

"Skola, mwanangu," akasema, "mie sikujua kama nalishwa."

Nikasema sivyo, mama. Nikaanza kueleza, mpishi, majani ya nje, Madam hakuwa na nia mbaya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Sikulaumu. Watu wazuri wale. Ila anayelishwa ana kukaa kwake, na jirani ana kukaa kwake. Mie mwaka mzima nimekaa kama jirani." Akanywa chai. "Hiyo sahani, kaa nayo."

Ramadhani ile ya pili nilikuwa nimeshajua sauti zote. Ikifika magharibi nilikaa kitandani nikasikia ndala zinapita, nikijua hizi za Mama Rehema, hizi za Zuhura, mlango huu, mlango ule, pokeeni, ahsanteni. Hazikufika mwisho wa korido. Siku mbili nilijaribu kupeleka chakula kwa sufuria yangu mwenyewe. Bi Mwanaidi alishukuru vizuri sana, akamimina kwenye bakuli, akanirudishia sufuria papo hapo na tende ndani yake, kabla sijaondoka mlangoni, ili pasibaki kitu. Alinisalimu kila asubuhi kwa heshima kubwa kuliko zamani. Mfuko wa dona ulikaa koridoni mpaka ukaingia wadudu, Zuhura akawapa kuku wa watu. Sembe likarudi uani, jeupe, na wale wanawake waliokuwa wakisonga dona wakaacha mmoja mmoja bila kusema. Kuelekea Idi, kidonda kikafunguka. Nilikuwa nasikia akivuta pumzi kwa meno akibadilishiwa bendeji. Msasani nilishaacha kwenda, nikiona aibu kuchukua majani ambayo hayakuwa na pa kwenda.

Siku hizi dona liko kwenye maduka makubwa, kwenye pakiti zenye picha za familia inayocheka, na bei yake imeishinda sembe. Nikiliona huko namkumbuka alivyokaa Ijumaa ile mkekani, ananyanyua tonge bila kuinua macho. Nimejiuliza mara nyingi kama mguu ule ungepona. Sijui. Zuhura naye nilipomuuliza pale Buguruni alisema hajui, ugonjwa ni ugonjwa. Lakini kuhusu sahani alikuwa na la kusema. Kila Ramadhani ilipokaribia, mama yake alizitoa sahani zake za harusi, akazifuta, akazipanga, hata alipokuwa akifanya hivyo amekaa kwenye kiti cha magurudumu. "Akimaliza anasema, moja iko kwa Skola. Hakusemaga umeondoka nayo. Anasema iko kwa Skola, utadhani bado uko chumba cha mwisho." Ndugu zake Zuhura walikuwa wakimbishia, wakisema imevunjika siku nyingi, mama anajisemea tu.

Asubuhi ile ya Idi pili sikuyajua hayo. Nilibadili gari, nikabadili tena, nikakaa mpaka mahali ambapo konda aliniambia ndio mwisho, tumefika Bunju. Niliteremka na ndoo yangu. Kulikuwa na nyumba mpya zilizosimama mbalimbali kama watu wasiojuana, nyingine bila bati, na katikati yake mashamba ya mihogo ambayo hayajauzwa. Nikauliza dukani kama kuna chumba. Mwenye duka akanielekeza kwa fundi mmoja anayejenga kidogo kidogo, vyumba viwili vimekwisha, cha pili amepangisha kwa dada wa Singida. Chumba kilinukia saruji, dirisha lilikuwa na nondo bila kioo, mlango ulikuwa haujaanza kulia. Nikakipenda kwa sababu hakuna aliyelala humo kabla yangu.

Kando ya barabara palikuwa na mama anauza maboga. Nikanunua moja, nikaazima moto kwa fundi, nikalichemsha na chumvi. Jua lilipokuwa linashuka nikaifungua khanga, nikaitoa sahani ya maua ya buluu, nikapanga vipande vya boga, nikavifunika kwa sahani ya plastiki kwa kukosa kawa, nikagonga mlango wa pili. Dada wa Singida alikuwa mrefu, mkimya, ana mtoto mgongoni. Alishangaa sana. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza jina, akanitajia lake, Mama Neema, akasema Mungu anibariki. Nikarudi kwangu nikakaa kwenye ndoo, nikisikiliza.

Haikupita muda mrefu, ndala zikaja. Mama Neema alisimama mlangoni na sahani mkononi, uso umekunjuka kwa furaha. "Sahani yako, dada Skola. Nimekuoshea kabisa, na sabuni, na majivu."

Nikaipokea, nikatazama ndani. Ilikuwa inang'aa, haina hata chumvi. Nikamshukuru, akaenda zake. Nikafunga mlango, nikacheka kama alivyocheka Bi Mwanaidi siku ile, mpaka nikashika ukuta, ila mimi sikuwa na wa kumwita aje aone.